Swali Linaloshika Shilingi

Swali la kwanza lililoandikwa ubaoni lilikuwa hili: "Mheshimiwa mgombea, ukichaguliwa kuwa Rais, utailindaje amani ya nchi yetu?" Aliyeliandika ni binti wa kidato cha tatu mwenye mwandiko wa kupendeza, kwa chaki ya bluu, akapiga mstari chini ya neno amani. Wenzake wakampigia makofi. Nikamwomba ageuke awe mgombea, ajibu swali lake mwenyewe. Akajibu dakika mbili nzima bila kukwama: ataimarisha vyombo vya ulinzi, ataendeleza ujirani mwema, atadumisha umoja wa kitaifa. Nikamwita mvulana aliyekaa nyuma, ambaye katika mdahalo wetu atakuwa mpinzani wake. Naye akasema yaleyale. Alichobadili ni mpangilio tu, umoja ukatangulia na ujirani mwema ukawa mwisho.

Nikachukua kifutio.

"Madam, kwani limekosea wapi?" akaniuliza yule binti, na niliona ameumia.

Nikamwambia halikuwa na kosa la lugha wala la heshima. Shida yake ni kwamba wagombea wawili wanaopingana wamelijibu kwa jibu moja, na sisi tuliokaa kusikiliza hatujajua lolote ambalo hatukulijua asubuhi.

Nafundisha Uraia katika shule ya sekondari hapa Dodoma. Klabu yetu ya midahalo hufanya kila mwaka mdahalo wa urais wa kuigiza: wagombea watatu, jopo la waulizaji, mwendesha mdahalo mwenye saa mkononi, na wazazi kwenye viti vya plastiki chini ya mwarobaini. Mwaka huu wanafunzi wenyewe wamechagua mada, nayo ni vita na matumizi ya fedha za umma. Tunaufanya kwa Kiswahili, na nimewahi kulaumiwa kwa hilo na wenzangu wanaoona midahalo ni mahali pa kunolea Kiingereza. Nimeshikilia msimamo wangu kwa sababu moja. Mtoto anayeuliza kwa lugha ya kuazima huuliza kile anachoweza kukitamka, na kile anachotaka kukijua kinabaki kooni.

Kipimo cha maswali yetu tulikipata bungeni. Kuishi Dodoma kuna neema yake, kwamba wakati wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, unaweza kuwapeleka wanafunzi wakakaa jukwaa la wageni, wakatajwa, wakasimama na sare zao wakapigiwa makofi na wabunge. Safari moja tulikuta Bunge limekaa kama Kamati ya Matumizi, likipitia bajeti ya wizara kifungu kwa kifungu. Mbunge mmoja akasimama kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri, akasema asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi. Wanafunzi wangu wakatazamana. Walidhani ni shilingi ya kweli, na mmoja akachungulia aione. Niliwaeleza tukiwa nje, tukisubiri gari, kwamba mbunge anazuia shilingi moja katika mshahara wa Waziri mpaka jambo lake lijibiwe, na akiridhika anairudisha. Nikawaambia pia kwamba shilingi nyingi hurudishwa haraka mno, na kwamba muda ukiisha vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa pamoja, kwa kile wanachokiita gilotini.

Tangu siku hiyo kila swali linalopendekezwa huulizwa: linashika shilingi? Maana yake, je, mgombea atalazimika kuweka kitu mezani kabla ya kuondoka, au ataondoka na mfuko wake ukiwa vilevile?

Lile swali la amani tulilifanyia kazi wiki tatu. Rasimu ya pili iliuliza kama mgombea ataongeza au atapunguza bajeti ya ulinzi. Afadhali, lakini jibu lake linajulikana: itategemea mahitaji. Hapo nikawarudisha kwenye hesabu. Bajeti ya serikali ya mwaka 2025/26 ilisomwa kuwa shilingi trilioni 56.49. Namba hiyo mtoto anaitamka kama anavyotamka umbali wa mwezi. Tukaigawa ubaoni kwa watu 61,741,120 wa sensa ya 2022, tukapata takriban shilingi 915,000 kwa kila Mtanzania, kuanzia mtoto aliyezaliwa jana pale hospitali ya mkoa. Darasa likanyamaza. Mmoja akasema kwao nyumbani wako saba, akaanza kuzidisha kwenye kiganja.

Halafu tukasoma jinsi fedha za ulinzi zinavyoombwa. Kuna Fungu 38 la Ngome, yaani jeshi lenyewe, Fungu 39 la JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na Fungu 57 la Wizara yenyewe. Ukishajua kwamba fedha ina fungu, huwezi tena kukubali mtu akuambie "tutatafuta fedha." Zitafutwe wapi? Fungu lipi litapungua? Rasimu ya nne ikatoka hivi, nayo ndiyo tuliyoiweka:

"Bajeti imepitishwa Juni. Oktoba unaamua kutuma kikosi nje ya nchi, na gharama yake haikuwamo. Taja fungu moja utakalolipunguza wiki hiyo, na umtaje mwananchi atakayeona pengo hilo kwanza."

Yule mvulana wa nyuma akajaribu kulijibu, akasema atakopa. Wenzake walitaka tuzibe mlango huo kwa kuongeza maneno "bila kukopa." Nikakataa. Kukopa ni jibu la kweli na serikali hukopa, kwa hiyo kumnyima mgombea jibu la kweli ni kumtega. Badala yake tukaandaa swali la nyongeza: mkopo huo utaanza kulipwa mwaka gani, na wakati huo utakuwa bado Ikulu? Maswali ya nyongeza ndiyo yaliyotuchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hapo ndipo mgombea aliyejiandaa huishiwa na karatasi.

Niliwaletea mfano wa Marekani niliouandika mwenyewe kwa Kiswahili kwenye karatasi la manila. Tarehe 26 Septemba 2008, mjini Oxford, jimbo la Mississippi, John McCain na Barack Obama walikutana kwa mdahalo wao wa kwanza. Mada ilipangwa kuwa mambo ya nje na usalama, lakini mabenki yalikuwa yanaanguka na serikali ilikuwa inaomba dola bilioni 700 za kuyanusuru. Mwendesha mdahalo, Jim Lehrer, aliwauliza jambo jepesi kulisikia: kwa sababu ya gharama hiyo, mtaacha nini katika mipango yenu? Obama akaanza kutaja vitu ambavyo haviwezi kuachwa, nishati, afya, elimu. McCain akazungumzia kubana matumizi kwa ujumla. Lehrer akauliza tena. Wakazunguka. Akauliza tena. Ndipo McCain akatoa wazo la kusimamisha ongezeko la matumizi isipokuwa kwa ulinzi, maveterani na machache mengine. Obama akalipinga, akakumbusha kwamba vita vya Iraq vinakula dola bilioni 10 kila mwezi.

Ona kilichotokea hapo. Swali la fedha liliulizwa bila kutaja vita hata mara moja, na vita vikatoka vyenyewe. Mmoja aliweka ulinzi nje ya kisu, mwingine akaonyesha bei ya vita, na msikilizaji akapata kuwatofautisha. Wasingefika huko kama mwendesha mdahalo angeona aibu kurudia. Watoto wetu tunawalea kuona kwamba kumrudia mkubwa swali ni utovu wa adabu, na mimi nimelelewa hivyohivyo. Tumefanya mazoezi ya sentensi moja ya kurudia: "Nashukuru, Mheshimiwa. Nilichouliza ni utaacha nini." Wanaisema kwa sauti ya chini, mikono nyuma. Adabu ipo, na shilingi bado imeshikwa.

Swali jingine lilizaliwa Kongwa. Tulikwenda kule na basi la kukodi, na nilitaka wauone ule udongo wakati wa kiangazi. Nilimwambia kijana mmoja achimbe kwa fimbo. Fimbo ikavunjika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga hapo na sehemu nyingine za Tanganyika, kwa sababu baada ya vita kuu watu wake walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Walilenga mamilioni ya ekari. Walileta hata matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman, vifaru vya vita vikageuzwa vya kung'oa vichaka vyetu. Mbuyu haukukubali. Mvua haikuwa ile waliyoiandika kwenye mpango. Udongo ukikauka ukawa kama saruji, karanga zikashindwa kung'olewa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Nilichowaomba wakiangalie ni ile miaka ya katikati, 1948 na 1949, na si ule wa mwisho. Dalili zilikuwa wazi, na bado fedha ziliendelea kuja kwa sababu nyingi zilikuwa zimeshatumika. Vita navyo hufanya hivyo, pengine zaidi, maana anayetaka kusimama huambiwa anawasaliti waliokwisha kufa. Binti yule wa chaki ya bluu ndiye aliyeandika, tukiwa ndani ya basi, daftari likirukaruka mapajani: "Kabla hujatuma askari wa kwanza, tuambie leo: ni jambo gani likitokea utawarudisha nyumbani?" Sikubadili hata herufi.

Kongwa hiyohiyo, kuanzia miaka ya 1960, ilikuwa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Nchi changa na maskini ilitoa ardhi, chakula na usalama wake kwa vita vya watu wengine, na mimi naamini ilifanya sawa. Nawaambia wanafunzi waziwazi kwamba naamini hivyo. Swali gumu la vita si lazima liwe swali la mtu anayepinga vita. Anayeunga mkono ana wajibu mkubwa zaidi wa kuuliza bei, kwa kuwa ndiye atakayeidhinisha.

Kwa vita vya Kagera nilimwendea baba mkubwa, anayeishi upande wa Mvumi. Alikwenda na mgambo. Nilimkuta uani anachambua mbegu za uwele kwenye ungo. Tukasalimiana, "Shikamoo baba mkubwa," "Marahaba, mama, mbukwenyi," akanisogezea kigoda. Nilikuwa na wanafunzi wawili wa jopo. Wao, kama Watanzania wengine wote, wanajua kwa kichwa yale maneno matatu ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Wakayasema mbele yake kwa pamoja, kama shairi. Alitabasamu. Akawauliza, "Na uwezo huo, mnajua ulitoka wapi?"

Akawaeleza. Malori yaliyochukuliwa kubebea askari ndiyo yaliyokuwa yabebe mazao. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na askari wetu wakabaki Uganda hadi 1981. Mwalimu aliomba watu wafunge mkanda kwa miezi 18. "Mimi nilirudi," baba mkubwa akasema, "nikamkuta mama yenu amepanga foleni ya sukari tangu alfajiri duka la kaya, na ndani tunakula unga wa Yanga." Vijana hawakuujua. Akawaambia ni ule unga wa mahindi ya njano uliotoka nje, ukaitwa hivyo kwa rangi ya jezi.

Gharama ya vita ile hutajwa mara nyingi kuwa dola milioni 500. Lakini niliwazuia wanafunzi wasiandike kwamba vita ndivyo vilivyotuletea foleni. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, mafuta yalipanda tena 1979, na sera zetu wenyewe zilikuwa na mzigo wake. Swali lenye ukweli nusu humpa mgombea nafasi ya kusahihisha nusu iliyobaki, na muda ukaishia hapo akionekana msomi. Mwaka juzi niliruhusu swali la namna hiyo lipite. Mgombea wetu alitumia dakika zake zote kutusahihisha, na alikuwa na haki.

Tulipoaga, baba mkubwa alituita turudi. "Muulizeni na hili. Mimi kiuno changu kiliharibika mwaka ule. Muulizeni, fedha za kwenda mmeziandika. Za kurudi mmeziandika ukurasa gani?" Alisema hivyo akiwa anaangalia ungo.

Nikiwa kwenye gari nilifikiria askari wetu wasiopungua 14 waliouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, na saba wa Darfur mwaka 2013. Hao walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, ambao huirudishia serikali fedha kwa kila askari kila mwezi. Misheni za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kama ile ya Msumbiji iliyoanza 2021 na ile ya mashariki mwa Kongo ya 2023, zilitegemea zaidi mifuko ya nchi wanachama wenyewe. Tofauti hiyo mgombea urais anapaswa kuijua bila kunong'onezewa. Swali la baba mkubwa tumeliandika kwa maneno yake, tukaongeza tu: "Jibu kwa kikosi cha Umoja wa Mataifa na kwa kikosi cha SADC."

Sitakaa sana kwenye rada, inajulikana. Mwaka 2001 tuliuziwa mfumo wa rada na kampuni ya BAE kwa pauni milioni 28, huku Benki ya Dunia ikilalamikia bei, na mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutotunza hesabu vizuri. Zikarudi pauni milioni 29.5, zikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu wakaziita chenji ya rada. Wanafunzi walitaka kuuliza "Utazuiaje ufisadi?" Nikafuta. Wakaandika: "Ni nani asiye serikalini, asiye jeshini, atakayeruhusiwa kuona bei kabla ya saini yako?" Hilo likapita.

Kuna moja walilolipenda sana na nimelikataa mara tatu: "Uko tayari kumtuma mwanao vitani?" Najua lina uzito, na najua ukumbi utanyamaza. Lakini mgombea atasema ndiyo kwa sauti iliyokatika, watu watapiga makofi, na mwanawe hatakwenda popote. Swali linalomfanya mtu aonyeshe machozi linampa kitu cha kuonyesha, na shilingi inarudi.

La Katiba limekaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza vita, na Spika lazima aitishe Bunge ndani ya siku 14 ili lijadili kama litamuunga mkono. Ibara ya 90 nayo inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Ziweke pamoja uone. Kijana mmoja mkimya, ambaye muhula mzima hakuwa amenyoosha mkono, aliziweka pamoja, akasoma kwa sauti ndogo: "Bunge likikataa kukuunga mkono kwenye vita, halafu Juni likakataa fedha zake, utalivunja?" Nikamwomba asome tena ili wa nyuma wasikie. Swali lake la nyongeza linahusu kikosi kinachotumwa bila vita kutangazwa: Bunge litaambiwa kabla ya ndege kuondoka, au baada?

Mdahalo ni Ijumaa ijayo. Maswali matano yako tayari, yamepigwa chapa, kila moja lina nyongeza mbili. La sita halijakaa sawa. Linahusu matumizi ya siri, kwa sababu jeshi lina mambo ambayo adui hapaswi kuyasoma gazetini, na hilo silikatai. Nusu ya jopo inataka: "Nani atakagua fedha ambazo wananchi hawaruhusiwi kuziona?" Mgombea atajibu kwamba ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na amemaliza. Nusu nyingine inataka: "Siri ya leo itafunguliwa baada ya miaka mingapi?" Ninaliegemea hilo, maana namba ni namba, ila kijana yule mkimya ananiambia miaka 50 pia ni jibu, na atakayelitoa hatakuwepo. Jana walibaki darasani mpaka mlinzi akaja kufunga. Ubao nimewaambia wauache bila kufutwa.